Maji ya karafuu, majani ya mpera na mswaki wa mti kwa meno ya watoto: kiasi gani, na kuanzia umri gani?

Mwalimu wa Maandalizi, Wete

Assalamu alaykum wanajamvi.

Kamati ya wazazi ya skuli yetu imependekeza watoto wasukutue kila asubuhi kwa maji ya miti shamba kabla ya kuingia darasani. Watoto wenyewe ni wa maandalizi, miaka 4 hadi 6, pamoja na darasa la kwanza na la pili. Sababu ya pendekezo inaonekana kwa macho: ukiwafungua vinywa utaona magego ya utoto yaliyotoboka ni mengi, na wapo wanaotafuna upande mmoja tu. Karafuu ipo kila nyumba, mpera upo uani, mwarobaini uko nyuma ya darasa. Mzazi mmoja ameahidi kutuletea chupa ya mafuta ya karafuu, tuwe tunatia matone kwenye ndoo ya maji.

Naomba kujua kwa wenye ujuzi: mti upi hasa unaua bakteria wanaoozesha meno, kiasi gani kwa maji kiasi gani, mtoto wa umri gani anaweza kutumia, na wapi mambo yanaweza kwenda kombo. Nataka maelezo ninayoweza kuyasoma kikaoni mbele ya wazazi.

Tabibu wa Meno, Chake

Wa alaykum salaam mwalimu. Nianze na ile chupa, maana hatari iko hapo. Mafuta ya karafuu msiyatie kwenye ndoo kabisa.

Mafuta haya hayachanganyiki na maji. Tena ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo matone mengi huzama chini ya ndoo na machache hubaki juu kama utando. Mtoto wa kwanza atachota maji matupu. Wa mwisho, anayekwangua chini, atapata tone zima mdomoni. Tone zima likikaa kwenye ufizi au ulimi linaunguza: pale pahala panakuwa peupe, kisha ngozi inabambuka.

Kumeza ndiko kubaya zaidi. Kinachofanya kazi ndani ya karafuu ni eujenoli, na mafuta ya karafuu ni eujenoli kwa asilimia 70 hadi 90. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina kama gramu 4 za eujenoli. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO (shirika la chakula) na WHO (shirika la afya duniani) imeweka kikomo cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 16 kikomo chake ni miligramu 40. Kijiko kile kimoja ni mara mia ya hapo. Zipo ripoti za kitabibu za watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Kwa hiyo chupa ya mafuta isikae skuli. Nyumbani iwekwe mahali palipofungwa, mbali na chupa za dawa ya kikohozi, kwa sababu zinafanana. Mtoto akiyameza msimtapishe wala msimpe maziwa ati yavunje sumu; mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi, daktari aione.

Sasa swali lako la bakteria. Anayelaumiwa zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke mjini London mwaka 1924. Hayuko peke yake, wapo na laktobasili na wengine, lakini huyu ana tabia mbili zinazomfanya awe mbaya. Ya kwanza: akipata sukari ya kawaida anaigeuza tindikali ya laktiki kwa dakika chache. Ya pili: sukari hiyohiyo anaitumia kutengeneza gundi, akajibandika kwenye jino. Ile gundi pamoja na bakteria waliomo ndiyo ukoga, ule utando laini wa rangi ya maziwa unaoukwangua kwa ukucha karibu na ufizi.

Tindikali ndani ya ukoga ikifika pH ya 5.5 hivi na kushuka chini yake, gamba la jino linaanza kupoteza madini. Mtoto akiacha kula, mate yanaisafisha taratibu, na madini yanarudi. Kurudi huko kunataka nusu saa hadi saa nzima. Mtoto aliyekula kipande cha halua mara moja akamaliza, jino lake limepata mapumziko. Mtoto anayemung'unya ubuyu wa sukari tangu kengele ya mapumziko hadi saa ya kutoka, jino lake halikupumzika hata kidogo, hata kama sukari yote aliyokula ni chini ya ile ya halua. Na gamba la jino la utoto ni jembamba, karibu nusu ya la ukubwani. Ndiyo maana doa jeupe la leo linaweza kuwa tundu baada ya miezi michache.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini maji ya dawa ya kusukutua asubuhi mara moja hayawezi kubeba mzigo huu. Yanapita mdomoni kwa nusu dakika. Ukoga umejifunga kwa gundi, na dawa inagusa tabaka la juu tu. Bakteria waliobaki ndani wanaongezeka tena ndani ya saa chache. Kusukutua kwa miti shamba kunaweza kuwa msaada kwa mtoto mkubwa anayepiga mswaki vizuri. Kwa mtoto asiyepiga mswaki ni harufu nzuri juu ya ukoga.

Umri: chini ya miaka 6 wasisukutue dawa ya aina yoyote, iwe ya duka au ya mti, kwa sababu hawajaweza kutema vizuri. Wenye miaka 6 na kuendelea wapimwe kwanza. Pima mililita 10 za maji matupu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mtoto asukutue kwa sekunde 30, ateme kwenye kikombe, kisha upime tena. Kwa kuwa mate yanaongezeka, kilichotoka kinatakiwa kisipungue 10. Kikitoka 7 au 8, kilichobaki kimeshaingia tumboni, na mtoto huyo bado.

Maabara, Tunguu

Nyongeza juu ya swali la "mti upi unaua". Karibu kila mmea wenye harufu kali au uchungu utaua S. mutans kwenye sahani ya maabara ukiutia wa kutosha. Kwa hiyo swali hilo peke yake halikupi cha kuamua.

Vipimo vingi vinavyosambazwa mitandaoni ni vya vidonge vya karatasi: unalowesha kidonge kwa dondoo (kiowevu kilichotolewa kwenye mmea), unakiweka juu ya agari (jeli ya kuoteshea) iliyopandwa bakteria, kesho unapima duara lililobaki tupu. Duara hilo haliwezi kulinganisha mti na mti. Dondoo la maji la mpera linasambaa ndani ya agari kwa urahisi, mafuta ya karafuu hayasambai vizuri kwa sababu agari ni maji. Hivyo duara la milimita 20 si lazima liwe na nguvu kuliko la milimita 14. Ukitaka kulinganisha kweli, punguza dondoo kwa nusu, nusu ya nusu, na kuendelea ndani ya mchuzi wa virutubisho, utafute kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua.

Hata kiwango hicho ni cha bakteria wanaoelea. Ndani ya ukoga wanavumilia dawa mara nyingi zaidi, na tofauti ya mara mia au zaidi si ajabu. Ndiyo maana nakubaliana na daktari: nguvu ya sahani haitafsiriki kuwa nguvu ya mdomo.

Kwa wanafunzi wanaopanga mradi wa aina hii, makosa yanayorudi kila mwaka ni haya. Dondoo limetolewa kwa ethanoli ya asilimia 70, halafu mtu hapimi ethanoli peke yake, na duara analolisifu ni la ethanoli. Au hakuna klorheksidini (dawa ya kusukutua inayoua bakteria) ya asilimia 0.2 ya kulinganisha nayo. Au bakteria wamepandwa kwa kukisia badala ya kulinganishwa na kipimo cha 0.5 cha McFarland (kiwango cha ukungu wa kiowevu kinachoonyesha wingi wa bakteria). Au dondoo limekaushwa kwa moto mkali na vitu vinavyofanya kazi vimeruka. Joto lisizidi nyuzi 40. Na tafadhali, jina la mmea liandikwe la kisayansi, maana jina moja la mtaani Unguja linaweza kuwa mti mwingine Pemba.

Kwa ufupi, kila mmea na njia yake. Eujenoli ya karafuu inatoboa utando wa nje wa bakteria, yaliyomo yakavuja. Tanini na flavonoidi za majani ya mpera haziui sana, zinapunguza uwezo wa bakteria kujibandika. Katekini za chai ya kijani zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza ile gundi. Mswaki wa Salvadora persica una kemikali ya benzili isothiosayaneti, ile inayowasha ulimi ukiutafuna ukiwa mbichi, na inawapiga zaidi bakteria wa fizi kuliko wa kuoza kwa jino.

Uliofanyiwa majaribio kwa watoto wa umri wa maandalizi ni urukususi (mmea wenye mizizi mitamu, licorice kwa Kiingereza). Huko Marekani, watafiti walitoa kwenye mizizi ya urukususi wa China, Glycyrrhiza uralensis, dondoo lenye kemikali ya glisirizoli A, wakalitia ndani ya pipi ya kijiti isiyo na sukari, mtoto akila mbili kwa siku. Bakteria walipungua, na baada ya kuacha wakaanza kurudi. Naisema kwa sababu pipi inakaa mdomoni dakika kadhaa, na muda huo wa kukaa ndio unaokosekana kwenye kusukutua. Wala mtu asichukue hapo ruhusa ya kuwapa watoto mizizi ya urukususi ya sokoni waitafune kila siku: ina glisirizini inayopandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu.

Mkarafuu, Mtambile

Mafuta tumeyaweka pembeni, sawa. Lakini maji ya karafuu yakitengenezwa kwa kipimo hayana neno kwa watoto wakubwa, na wazazi watayatengeneza tu hata mkikataa. Bora watengeneze vizuri.

Kipimo: maji lita 1, karafuu 25 nzima. Karafuu moja iliyokauka ni kama sehemu ya kumi ya gramu, kwa hiyo zote ni gramu 2.5 hivi. Hesabu ya eujenoli: karafuu moja ina miligramu 13 hivi, zikitoka zote kwenye maji utapata miligramu 325 kwa lita, yaani chini ya 4 kwa mililita 10 za kusukutua. Mtoto wa kilo 20 hata akiyameza yuko mbali na kikomo alichokitaja daktari. Kwa hiyo usitie kiganja. Watu wakisikia dawa wanataka iwashe, na karafuu ikiwasha mdomo wa mtoto umeshazidisha.

Chemsha maji peke yake. Yakishatokota zima moto, tia karafuu zilizopondwa kidogo (zipasuke tu, zisiwe unga, unga unapita kwenye chujio na kukwama kwenye fizi), kisha funika kwa kifuniko kinachobana, dakika 15 hadi 20. Kosa kubwa ni kuchemsha karafuu sufuria ikiwa wazi. Harufu ikijaa jikoni watu wanafurahi, kumbe mafuta yanaondoka na mvuke. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: mvuke unapitishwa kwenye makonyo, unabeba mafuta, kisha unapozwa mafuta yakatengana na maji. Wao wanaudaka mvuke, wewe unauachia upepo.

Karafuu iwe nzuri. Iliyo na kichwa chake, ukiikandamiza kwa ukucha itoe mafuta. Ukiitia kwenye glasi ya maji, nzima huzama au husimama wima, ile iliyokwisha mafuta hulala juu. Yenye ukungu au iliyopauka kwa kuvundikwa mbichi, tupa. Na karafuu iliyoanikwa kando ya barabara ya lami usiitumie mdomoni hata ukiiosha. Itafute iliyoanikwa kwenye jamvi.

Majani ya mpera ni vivyo hivyo: machanga 8 hadi 10 kwa lita, yaoshwe, yachanwe kwa mkono, yafunikwe dakika 15. Ukiyaacha usiku kucha tanini inazidi, maji yanakuwa kama chai ya rangi, yanakausha mdomo na yakitumika kila siku yanaacha rangi ya kahawia kwenye meno. Usichanganye karafuu na mpera mara ya kwanza, mtoto akipata vipele usijue ni kipi.

Chuja kwa kitambaa safi, acha yapoe, kila mtoto apimiwe kwenye kikombe chake. Asichovye mtu kikombe ndani ya ndoo. Kwa joto letu maji haya hayalali: yaliyotengenezwa asubuhi yamwagwe jioni. Hakuna kihifadhi ndani yake, kuvu wanaota hata kama hujawaona. Usitie sukari wala asali wala ndimu.

Daktari, nina swali langu. Nyinyi wenyewe si mnatumia eujenoli kuziba meno? Mbona mzazi akiweka pamba ya mafuta ya karafuu kwenye tundu mnamlaumu?

Tabibu wa Meno, Chake

Swali la haki, ndugu yangu. Tunaitumia, ndiyo. Eujenoli inachanganywa na unga wa zinki oksaidi mpaka inakuwa donge linaloganda, na ndani ya donge hilo inatoka kidogo kidogo. Tena inawekwa ndani ya jino lililosafishwa, ikafunikwa, haigusi ufizi. Pamba iliyoloweshwa mafuta inafanya kinyume: mafuta yanavuja yote mara moja, yanachoma ufizi, mtoto anayameza na mate. Na tatizo jingine zito: maumivu yanakufa ganzi, usaha unaendelea chini. Mtoto anakaa wiki mbili bila kulia, anakuja na shavu limevimba.

Jino likiuma usiku, na kesho ndiyo mnakwenda hospitali: toa chakula kilichokwama kwenye tundu, asukutue maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja (kama anajua kutema), na apewe paracetamol kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo, asizidishe mara 4 kwa siku. Kilo 16 ni miligramu 240. Aspirini msimpe mtoto, wala msiisage kuiweka kwenye jino. Inaunguza ufizi kama tindikali ilivyo. Uvimbe wa uso, homa, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, hapo msisubiri asubuhi.

Afisa Afya ya Skuli, Unguja

Niongeze juu ya mswaki wa mti, mwalimu hakuuliza sana lakini upo kwenye kichwa cha mada.

Mswaki huu una faida ambayo maji ya dawa hayana: unakwangua ukoga. Kazi kubwa inafanywa na nyuzi zake, kemikali ni nyongeza. Kwa mtoto kuanzia miaka 6 chagua mwembamba, unene wa penseli au chini yake. Ukiwa umekauka uloweke kwenye maji safi saa chache, vinginevyo nyuzi zinavunjika na kuwa vijiti vinavyochoma fizi. Menya sentimita 1 tu ya ncha, autafune mpaka ufumuke uwe kama brashi laini. Asugue kutoka ufizini kwenda ncha ya jino, asikate mbao kulia na kushoto. Anayesugua kwa kukata mbao fizi zinarudi nyuma, na shingo ya jino inabaki wazi.

Ncha iliyotumika ikatwe kila siku, ifunguliwe mpya. Mswaki ule ule uliofumuliwa tangu juzi ukakaa mfukoni mwa kanzu umeshakuwa shamba la bakteria. Usichangiwe na ndugu.

Udhaifu wake uko nyuma: hauingii vizuri upande wa ndani wa magego, wala kwenye mifereji ya juu ya gego. Na gego la kwanza la ukubwani linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto, "litang'oka tu". Hilo haling'oki likarudi. Kwa hiyo kwenye magego tumieni brashi, au chovyeni ncha ya mswaki kwenye dawa ya meno yenye floraidi na mzazi amalizie mwenyewe kwa nyuma.

Mwalimu wa Maandalizi, Wete

Ahsanteni sana, nimeyanakili yote. Yamebaki mawili. Mwarobaini mbona hamkuugusa? Wazazi wanauamini kuliko karafuu. Na hawa wa miaka 4 na 5, ambao ndio wengi, mmenikatalia kusukutua: sasa niwafanyie nini asubuhi? Pesa ya skuli ni ndogo.

Maabara, Tunguu

Mwarobaini: majani yake yanazuia bakteria kwenye sahani, hilo ni kweli. Mafuta ya mbegu zake ndiyo yasiyokaribia mtoto. Malaysia na India ziliripotiwa kesi za watoto wachanga waliopewa vijiko vya mafuta hayo, wakatapika, wakapata usingizi mzito na degedege, ini likajaa mafuta, na wengine wakafa. Majani nayo hayana kipimo cha uhakika kwa watoto wadogo, na kwa uchungu wake watoto hawatakaa nayo mdomoni sekunde 30. Kijiti cha mwarobaini kama mswaki kwa mtu mzima hakina neno. Kwa skuli uacheni.

Tabibu wa Meno, Chake

Hawa wadogo wapigishwe mswaki wa brashi. Nitakupa hesabu uone kama skuli inaweza.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Tubu nyingi zilizoandikwa "mitishamba", zenye picha ya karafuu au mwarobaini, hazina floraidi kabisa. Geuza tubu usome nyuma: tafuta neno floraidi na tarakimu 1000 hadi 1450 zikifuatiwa na herufi ppm. Isiyo na tarakimu hiyo msinunue kwa ajili ya watoto, hata ikinukia vipi. Floraidi inafanya kazi ambayo miti hii haitegemewi kuifanya: inaingia kwenye gamba lililopoteza madini na kulijenga upya likiwa gumu zaidi kwa tindikali.

Kiasi: chini ya miaka 3 ni ukubwa wa punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 ni punje ya njegere, kama robo gramu. Tubu ya gramu 100 inatoa mara 400. Watoto 40 watatumia tubu moja kwa siku 10 za masomo. Linganisheni na gharama ya kuni, sufuria na vikombe vya maji ya karafuu kila asubuhi.

Utaratibu: mwalimu akamue punje 40 kwenye ukingo wa sahani safi, kila mtoto aokote yake kwa brashi yake. Tubu isigusane na brashi za watoto, ndiyo njia maradhi yanapopita. Dakika 2, mkianza na magego ya nyuma, maana mtoto akichoka huacha mwisho. Wateme, wasisukutue maji baada yake. Tabaka jembamba la floraidi libaki mdomoni. Hili wazazi watalipinga, kwa sababu sote tumezoea kusukutua hadi ladha iishe. Waelezeni. Brashi ziwe laini na kichwa kidogo, ziandikwe majina, zikauke wima zisigusane, zikingwe na nzi, zibadilishwe kila miezi 3 hadi 4 au nyuzi zikitawanyika.

Huko ni skuli. Nyumbani, mara muhimu kuliko zote ni kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate hupungua sana na tindikali inakaa. Baada ya hapo ni maji tu, si chai ya maziwa yenye sukari, wala chupa ya uji mtamu kwa mdogo anayelala nayo. Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 mkono wake hauwezi kazi hii peke yake. Mama au dada amalizie. Mkaa, majivu na ndimu viachwe: mkaa na majivu vinakwaruza gamba, ndimu inaliyeyusha.

Kwenye banda la skuli, mwalimu, ongea na muuzaji ubuyu wa sukari, jojo na askrimu za vifuko viuzwe mapumziko peke yake, vimalizwe hapo hapo, mtoto anywe maji. Ubuyu mtupu usiopikwa na sukari ni mchachu, nao usimung'unywe siku nzima, lakini huo uliopakwa sukari ya rangi unakwama kwenye mifereji ya gego na ndio unaowaletea haya.

Waliokwisha toboka meno hawatapona kwa brashi wala kwa mti. Andikeni majina yao, wapelekwe kitengo cha meno. Si kila tundu linataka mashine: njia ya kukwangua kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi aionoma (aina ya simenti ya meno), inayojulikana kwa herufi ART (si zile dawa za VVU), ilianzishwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inafaa hata kwenye dawati la darasa. Ipo pia dawa ya maji ya fedha na floraidi, silva daimini floraidi ya asilimia 38, iliyoingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2021. Inapakwa tundu likakoma kuendelea. Inaacha weusi wa kudumu pale palipooza, kwa hiyo mzazi aambiwe na akubali kabla ya kupakwa.

Mkarafuu, Mtambile

Basi mwalimu, maji ya karafuu yawe ya darasa la kwanza na la pili peke yao, na wale tu waliofaulu kipimo cha kutema. Mchana baada ya chakula yanafaa zaidi kuliko asubuhi, yasije yakaondoa ile floraidi waliyotoka kuipaka.

Tabibu wa Meno, Chake

Sahihi kabisa. Na kipimo cha kutema kirudiwe kila muhula, wapo watakaofaulu Januari wakiwa makini, kisha wakazoea kumeza kwa sababu wameipenda ladha.